Karantini si Kutenga

Samaki mmoja akioza, wote wameoza, husema wahenga. Lakini aliyeoza hujitangaza kwa harufu. Anayeangamiza bwawa ni yule aliyeingia akiwa anang'aa, vimelea vimejificha matamvuani. Kwa ajili ya huyo tuna neno karantini.

Mwaka 1377 mji wa Ragusa, leo Dubrovnik nchini Kroatia, uliamuru watu waliotoka penye tauni wakae kando siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na Waveneti wa Italia wakaliita jambo lenyewe kwa hesabu hiyo katika lugha yao. Kiswahili kingeweza kusema arobaini, ila neno hilo lina wenyewe: mzazi aliye ndani na kichanga chake, wafiwa wanaomaliza msiba, na mwizi anayehesabiwa siku zake. Tukachukua karantini. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa Rungwe, Tanzania, hawakuisubiri korona ili walijue: ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, minada hufungwa na mifugo haisafirishwi.

Wengi hulifanya neno karantini kisawe cha kutenga. Anayetengwa ni mgonjwa aliyekwisha kujulikana, naye hutibiwa hukohuko. Anayewekwa karantini huonekana mzima. Tunangoja tuone amebeba nini.

Tungoje siku ngapi? Tuchukue ugonjwa wa madoa meupe. Kimelea chake hukua ndani ya ngozi ya samaki, kikishiba hudondoka chini, hujifunga kifuko na kugawanyika kwa mamia, kisha wachanga wake huogelea kusaka samaki mwingine. Dawa huwaua hao wanaoogelea tu, ndiyo maana dozi moja haitoshi. Katika maji ya nyuzijoto 25 mzunguko huo hukamilika ndani ya wiki moja. Katika nyuzijoto 10 huweza kuzidi mwezi. Tukuyu, kulekule Rungwe, iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ni baridi kuliko ya Kyela kule bondeni. Mfugaji anayepandisha vifaranga vya perege kutoka Kyela asihesabu siku za Kyela. Awaweke kwenye kidimbwi cha pembeni, chenye wavu na ndoo zake, na awape muda mrefu zaidi.

Samaki wa bahari afugwaye kwenye tangi la kioo naye hutoka madoa kama hayo, ingawa kimelea ni kingine na vifuko vyake huweza kukaa wiki nyingi kabla ya kupasuka. Hapo tiba hugeuka: samaki wa maji matamu huongezewa chumvi, wa bahari hupunguziwa, au hutiwa dawa ya shaba kwa kipimo makini.

Arobaini imebaki ndani ya neno tu. Afisa uvuvi akikwambia uwaweke samaki karantini, kabla ya kutazama kalenda, pima joto la maji yako.