Bulat: asili ya neno na namna ya kulitafsiri

Katika Kirusi, bulat (булат) ni chuma cha pua cha kale ambacho uso wake huonyesha michirizi kama mawimbi. Katika ushairi neno hilo humaanisha pia upanga wenyewe.

Njia iliyolifikisha Urusi haina ubishi mkubwa. Kamusi ya etimolojia ya Max Vasmer inalipitisha katika lugha za jamii ya Kituruki, kutoka pūlād ya Kiajemi. Kiarabu, kisicho na sauti p, kililipokea kama fūlādh; b ya Kirusi nayo ni alama ya Kituruki (taz. Kitatari bulat, Kikazaki bolat). Anayeandika kwamba Warusi walilichukua moja kwa moja kwa Waajemi anairuka hatua hiyo.

Ubishi uko nyuma ya Kiajemi. Dai linalorudiwa sana hulihusisha neno na Puluadi, nchi inayotajwa katika maandishi ya wafalme wa Urartu ya karne ya 8 KK. Sauti zinavutia, kinachokosekana ni kiungo cha maana, kwani maandishi hayo husimulia vita, si ufuaji wa chuma. Wengine huelekea India, ambako chuma cha aina hii kilitengenezwa na kuuzwa ng'ambo. Hapa asili ya kitu inachanganywa na asili ya jina: Kikannada hukiita ukku, jina lisilofanana na pūlād hata kidogo.

Kwa maoni yangu, ushahidi mzito zaidi ni umbo la Kiajemi cha Kati, pōlāwad, pamoja na neno la Kiarmenia poghpat. Yote mawili yana konsonanti ya katikati ambayo pūlād imeipoteza. Etimolojia inayoanzia pūlād peke yake imeanza safari katikati ya njia.

Mfasiri afanyeje? "Chuma cha pua" humkumbusha msomaji wa leo vijiko na masufuria. Katika utenzi au hadithi ya mashujaa, "upanga wa feleji" hubeba heshima inayostahili, maana feleji ni chuma bora cha kufulia panga. Katika matini ya kiufundi, kwa mfano kazi ya Pavel Anosov wa Zlatoust kuhusu bulat (1841), feleji haitoshi, kwa sababu haitaji michirizi. Afadhali neno bulat libaki na kufafanuliwa linapotokea mara ya kwanza.