Jina Chini ya Kazi: Sanaa ya Watoto, Masasi hadi Newala

Bi harusi wa kisiwani aliyewekwa ndani na somo wake amepita katika shule yenye asili ya mbali. Unyago wa Unguja, ule tunaoukumbuka kwa ngoma ya marehemu Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013, uliletwa na wanawake wa bara, wengi wao waliotekwa utumwani kutoka kwa Wayao, Wamakonde na Wanyasa. Leo twende huko ulikotoka, Masasi, Lulindi na Newala, kwa ajili ya swali la kila mama mwenye mtoto wa shule: mtoto amerudi na kazi aliyoitengeneza kwa mkono wake, tuiweke wapi?

Kabla ya karatasi, huko ardhi ndiyo iliyokuwa daftari. Kwa Wayao, walimu wa mafunzo ya vijana walifinyanga maumbo makubwa ya udongo chini, wakayapamba kwa unga, na kila umbo lilikuwa na somo lake. Somo likiisha, umbo likaharibiwa. Ya unyagoni hayatoki nje, nanyi mnalijua hilo, kwa hiyo sitaendelea.

Ufinyanzi ulikuwa wazi zaidi. Vyungu vilikuwa kazi ya wanawake, bila gurudumu lolote. Msichana alikaa kando ya mama au bibi yake akaona udongo unavyopondwa, unavyoinuliwa kwa kiganja, unavyolainishwa na kutiwa nakshi ukiwa bado mbichi, kisha chungu kinakauka na kuchomwa kwa kuni uwanjani. Hakuna aliyempa alama. Chungu kikipasuka motoni jirani wote wameona, na kikitoka salama kinakwenda kisimani kichwani mwake. Kwangu mimi hayo ni maonyesho kamili kuliko mengi ninayoyaona leo.

Mwaka 1906 akafika Mjerumani mmoja, Karl Weule, kutoka makumbusho ya Leipzig. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi, lakini Vita vya Maji Maji vikamfanya aelekee kusini, akazunguka Masasi, Newala na Mahuta. Pamoja na kukusanya vyungu na vinyago, alifanya jambo ambalo halikuzoeleka: aliwapa watu penseli na karatasi akawaambia wachore. Wakati huohuo, mjini kwake Leipzig, mwanahistoria Karl Lamprecht alikuwa akikusanya michoro ya watoto kutoka nchi nyingi, kwa hiyo jambo hilo lilikuwa likizungumzwa. Kitabu cha Weule kilitoka mwaka 1908, na michoro imo. Mmwera wa Lindi aitwaye Barnabas amechora tembo. Pesa Mbili, Mnyamwezi katika msafara wake, naye amechora. Kitabu kimejaa kiburi cha mkoloni, lakini chini ya michoro hiyo kuna majina, na ndiyo sababu miaka zaidi ya 100 baadaye naweza kuwatajia.

Sasa watafuteni wanawake. Weule aliwatazama wafinyanzi kwa makini, akaeleza kila hatua ya kazi yao. Majina yao, kwa sehemu kubwa, hakutuachia. Chungu kimehifadhiwa, mwenyewe amepotea.

Shule za karatasi na ubao zilikwisha kuwapo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watumwa walioachwa huru akaanzisha misheni ya Masasi. Katika shule za misheni mikono ya wasichana ilipewa sindano na uzi, na ufinyanzi ukabaki nyumbani, kana kwamba si elimu.

Aliyelipinga wazo hilo waziwazi ni Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha sanaa Makerere miaka ya 1930 akitaka mwanafunzi aanzie kwenye ufundi wa kwao. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alipitia kwake, akawa mchoraji mashuhuri na baadaye mwakilishi wa kwanza wa Tanganyika huko London. Lakini hayo yalikuwa ya chuo. Katika shule ya msingi, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta kazi za mikono kwa nguvu, ila jembe lilichukua nafasi kubwa kuliko udongo wa kufinyanga. Mtaala mpya wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo, na kikwazo cha vifaa kisiwe kisingizio sehemu ambayo udongo uko hatua chache kutoka darasani.

Baadhi yenu mtauliza juu ya kuchora viumbe. Wanavyuoni wana kauli zao, na hadithi ya Bi Aisha na wanasesere wake mnaijua. Mzazi mwenye wasiwasi amwombe mwalimu nakshi: za chungu, za mkeka wa ukili, za kofia. Ni sanaa ya bibi zetu na haina mgogoro na mtu.

Kutundika hakuhitaji fedha. Kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha, vibanio vya nguo, na ubao mmoja juu ya matofali kwa vyungu vidogo, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Kazi zote zitundikwe, si za watatu bora tu. Chini ya kila moja yaandikwe, kwa mkono wa mtoto mwenyewe, jina lake na la aliyemfundisha, hata kama aliyemfundisha ni bibi yake.