Vijidudu Ndugu wa Saranac Lake

Mwaka 1905, uliokuwa mwaka ule ule Robert Koch alipotunukiwa Nobel kwa uchunguzi wake wa kifua kikuu, tabibu wa Kimarekani aitwaye Edward Baldwin, ambaye maradhi hayo hayo ndiyo yaliyompeleka kuishi Saranac Lake katika milima ya jimbo la New York, aliviotesha vijidudu alivyovipata kwa mgonjwa mmoja, navyo vikapewa alama ya H37. Hospitali ya mahali pale iliasisiwa na Edward Livingston Trudeau, aliyeishi na kifua kikuu takriban miaka 40 hata kikamfisha mwaka 1915. Na kwa hakika asomaye habari zao hana budi kuwastahi watu wale, waliomchunguza adui ilhali yumo vifuani mwao.

Katika miaka ya 1930, William Steenken, katika maabara ya huko huko, aliitenga nasaba ile ikawa matawi mawili: H37Rv, ambalo simbilisi aliyedungwa nalo aliugua akafa, na H37Ra, ambalo simbilisi alilistahimili akaishi. Asili yao ni moja, kifua kimoja cha binadamu mmoja. Basi ni nini alichokuwa nacho yule muuaji ambacho nduguye alikikosa?

Elimu ya wakati ule ilikuwa na nusu ya jawabu. Mwaka 1882, Koch alipotangaza Berlin, tarehe 24 Machi, kwamba amemgundua msababishi wa maradhi haya, mtaalamu wa Kirusi Ilya Metchnikoff, ambaye mkewe wa kwanza alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1873, alikuwa bado hajafanya jaribio lililompa sifa. Lakini kabla mwaka haujaisha, huko Messina, alimchoma mtoto wa kiti cha pweza kwa mwiba wa waridi, akaziona seli zikijongea na kuuzingira mwiba. Akafundisha kwamba mwili hujilinda kwa seli zimezazo wavamizi. Mafundisho hayo ni ya kweli, ila kijidudu cha kifua kikuu humezwa na hakifi, na mwaka 1971 Armstrong na D'Arcy Hart wa London walionyesha kwamba hukizuia kile kifuko kilichokimeza kisiungane na vifuko vya asidi ambavyo vingekisaga.

Hata hivyo, kuishi ndani ya seli ni jambo moja, na kuiua seli yenyewe ni jambo jingine. Jawabu la swali hili la pili lilipatikana Boston mwaka 2006, pale Chen, Gan na Remold walipozichunguza mitokondria, ambazo ni meko ya seli na zimefunikwa kwa tando mbili, moja ya nje na moja ya ndani. H37Ra huutoboa utando wa nje kwa muda tu, seli ikafa kwa mpango, imejikunja, na kijidudu kimefungiwa ndani yake. H37Rv huuharibu utando wa ndani usitengenezeke tena, nguvu ikakatika, seli ikapasuka, na vijidudu vikatoka kutafuta seli nyingine. Miaka miwili baadaye ikadhihirika kwamba H37Ra ina hitilafu ya herufi moja tu, miongoni mwa herufi takriban milioni 4.4 za urithi wake, katika jeni iitwayo PhoP, na kwa ajili hiyo haiwezi kuitoa nje protini ya ESAT-6, ambayo nduguye huitoa. Si hitilafu yake pekee, lakini hakika ni kubwa mno kwa udogo wake.

Mwaka 2018 wataalamu wa Durban, mji ambao kifua kikuu na ukimwi vimeuandama pamoja, walipima pumzi ya seli za binadamu zilizomeza kijidudu kilicho hai, wakakuta utendaji wake umezorota, na mitokondria zake zimepunguza kuitegemea sukari zikaelekea kwenye mafuta ya nje. Mzoroto huo haukuonekana kwa kijidudu kilichouawa wala kwa chanjo ya BCG. Ndiyo maana wako sasa wanaotafuta dawa za kuzilinda mitokondria za mgonjwa, ziandamane na zile ziuazo vijidudu. Naiona kazi hiyo yastahili kila gharama, kwa kuwa dawa tulizo nazo, hata zinapomponya mtu kabisa, aghalabu humwachia mapafu yaliyokwisha kuharibika.