Haiwaki, Haionyeshi, Imekwama

Mteja anayefika kwa fundi wa kompyuta Kayole au Umoja, Nairobi, huanza na neno moja: haiwaki. Ni neno la jikoni. Kuni huwaka, koroboi huwaka, na stima ilipofika mitaani ikakirithi kitenzi hicho bila mtu kuitisha kikao. Stima yenyewe lilikuwa neno la meli ya mvuke kabla ya kuhamia kwenye nyaya. Kwa hiyo anayelalamika kwamba stima ilipotea, iliporudi laptopu haiwaki, ametaja meli na kuni kwa pumzi moja, na fundi amemwelewa barabara.

Wanaistilahi walitupa majina kwa ukarimu: tarakilishi, kipanya, kicharazio, kipakatalishi, na kule Tanzania kompyuta mpakato. Mpakato naupenda, maana anayepakatwa ni mtoto, na laptopu kuukuu hudekezwa hivyo hivyo. Kipakatalishi kinanichosha ulimi. Lakini yote hayo ni majina, na mashine inapougua jina halisaidii. Kinachotakiwa ni kitenzi, na vitenzi waliuachia mtaa.

Fundi naye haiwaki peke yake haimtoshi. Humuuliza mwalimu aliyeleta laptopu yake: “Madam, haiwaki kabisa ama inawaka halafu inakwama?” Haiwaki kabisa ni pale hakuna taa wala feni. Mkono huenda kwanza kwenye chaja na tundu lake, ambalo kwenye mashine ya miaka mingi hulegea kwa chaja kuchomekwa na kuchomolewa. Kisha betri hutolewa, chaja huwekwa kando, na kitufe hubanwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyosalia kwenye bodi iishe. Zipo zinazoamka kwa hilo tu.

Inawaka lakini haionyeshi ni habari nyingine: feni inavuma, kioo ni cheusi. Hapo fundi hukimulika kioo kwa tochi ya simu akitafuta picha hafifu. Akiiona, anajua kilichozimika ni mwanga wa nyuma ya kioo. Asipoiona, huitoa RAM, akasugua meno yake kwa raba ya shule na kuirudisha. Imekwama maana yake imefika kwenye nembo ya kampuni ikagoma kusogea, na lawama huhamia kwenye diski au Windows. Kuna pia ile inayoamka ikiwa imesahau tarehe, kwa sababu betri yake ndogo ya duara, CR2032 ya volti 3, imeisha. Hiyo bado sijasikia ikipewa kitenzi chake. Haionyeshi, kwa maoni yangu, ingeingizwa kwenye orodha rasmi ya istilahi kesho asubuhi. Inafanya kazi ambayo kipakatalishi hakijawahi kuifanya.

Hatari iko kwenye chomeka. Kamusi inazo mbili. Ya kwanza ni kuingiza kitu mahali pake, kama chaja ukutani au shati ndani ya suruali, na kinyume chake ni chomoa. Ya pili ni choma iliyotiwa hali ya kutendeka, na Nairobi ndiyo inayosikika zaidi: bodi imechomeka. Muulize mtu kwa simu kama chaja imechomeka. Akijibu ndiyo, hujui umwambie abonyeze kitufe au umpe pole.

Kiingereza kwa hatua ya mashine kuamka kilikimbilia viatu: mtu anajinyanyua kwa kuvuta kanda za buti zake mwenyewe, na hadithi hiyo ikafupishwa hadi ikabaki buti. Kiswahili hakikuhitaji hadithi, kina -ji-. Programu iliyo kwenye chipu, BIOS au UEFI kwa mashine za karibuni, hujikagua, ikatambua RAM, ikatafuta diski, ndipo ikauita mfumo wenyewe. Inajikagua, inajiamsha. Ikikuta kasoro kabla kioo hakijapata picha, mashine nyingi hupiga mlio, na kila kampuni ina hesabu yake ya milio.

Imekufa ndilo neno ninalolionea shaka, kwa sababu wenye mali hulitamka mapema mno. Tangu Microsoft ikomeshe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hata laptopu zinazowaka vizuri zimeanza kuitwa wafu, ingawa nyingi zinaweza kuwekewa Linux zikaendelea na kazi. Na hata bodi ikichomeka kweli, diski mara nyingi ni nzima: hutolewa, ikatiwa kwenye kasha lenye waya wa USB, na maswali ya mtihani ya yule mwalimu yakasomwa kwenye mashine ya jirani. Basi kitenzi hiki kitajiwe kiungo. Betri imekufa, sawa. Bodi imekufa, sawa. Anayesema laptopu imekufa aulizwe kwanza kama ameichomoa diski.