Kausha damu
Kausha damu ni jina la mitaani, nchini Tanzania, la mikopo ya haraka yenye riba kubwa, inayorejeshwa kila siku au kila wiki. Uchumi wa tabia, fani iliyompatia Richard Thaler Tuzo ya Nobel mwaka 2017, unaeleza mvuto wake: shida ya leo huonekana nzito kuliko deni la kesho. Mchuuzi wa dagaa wa Mwanga, Kigoma, ambaye biashara yake hudorora wakati wa mbalamwezi kwa kuwa wavuvi wa taa hutegemea giza, huyatazama marejesho madogo ya kila siku, asiijumlishe riba. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 zinamlinda mtumiaji wa huduma za fedha kwa kudai uwazi wa gharama. Novemba 2024, benki hiyo ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni. Uwazi ni muhimu, lakini haumtoshi mtu aliyebanwa na njaa.