Fuwele Inayokimbizana na Mwanga

Kijiti hiki kiangavu mithili ya kioo ni fuwele ya LSO, iliyomo ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili. Upana wake ni milimita 4, na uzito wake karibu mara 3 ya kioo cha ukubwa huohuo.

Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi. Positroni inayotoka kwenye sukari hiyo ikikutana na elektroni mwilini, zote hutoweka na kuacha miale 2 ya gama inayoondoka kwa kupeana mgongo. Mwale ukigonga fuwele, fuwele humeta. Upi umetangulia kufika? Hapo ndipo penye kazi, maana mwanga hukata sentimita 30 kwa nanosekunde 1 tu. Saa ya mashine ikikosea pikosekunde 600, chanzo cha miale hukisiwa ndani ya sentimita 9; ikikosea 200, sentimita 3.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kundi la Michel Ter-Pogossian huko St. Louis, Marekani, lilijaribu fuwele za fluoridi ya sesiamu kwa kazi hii. Ilimeta upesi, lakini kwa mwanga hafifu, tena ilinyonya unyevu wa hewani kama chumvi ya mawe. Fuwele nyingine, BGO, ilinasa miale vizuri, ila mmeto wake ulijikokota kwa nanosekunde 300. LSO, iliyovumbuliwa na Charles Melcher, hufifia kwa takriban nanosekunde 40.