Saa na Mapigo ya Moyo: Historia Fupi

Ukiulizia saa janja dukani, muuzaji atakusifia mambo mawili: inapima mapigo ya moyo, na inakuonesha meseji bila kutoa simu mfukoni. Utadhani mambo hayo yalizaliwa siku moja. Wapi! Ni koo mbili zilizooana juzi tu.

Ukoo wa afya ndio mkongwe. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa yake iliyokwenda dakika moja kisha ikasimama, ili ahesabu mapigo ya mgonjwa. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ikauza kihesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Lile lengo tunalohangaika nalo kila jioni lilianza kama jina la bidhaa, si agizo la daktari. Kisha mwaka 1982 Polar ya Ufini ikatoa saa iliyopokea mapigo bila waya kutoka kwenye mkanda wa kifuani.

Ukoo wa meseji ni mchanga. Mwaka 2012 Pebble ilichangiwa zaidi ya dola milioni 10 na watu waliotaka tu kuona taarifa za simu mkononi. Kazi zake zilikuwa chache, lakini betri iliahidiwa kukaa hadi siku saba. Apple Watch ya 2015 ikaunganisha yote, kwa betri ya saa 18. Mvutano huo haujaisha: saa yenye mengi hudai chaji mara kwa mara, na ikilala kwenye chaji haiwezi kupima usingizi wako.

Mwaka 2016 Fitbit ilinunua sehemu kubwa ya mali za Pebble. Mwaka 2021 Google ikakamilisha kuinunua Fitbit. Umoja wa Ulaya uliruhusu kwa sharti: kwa miaka 10, data za afya za watumiaji wa huko zisitumike kwa matangazo ya Google.

Sharti hilo ndilo la kukumbuka unapolinganisha saa. Floyer alipohesabu mapigo, idadi aliijua yeye na mgonjwa wake. Basi ukishauliza bei na betri, uliza pia: haya mapigo yangu yanahifadhiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuyasoma?